Uliahidi Spana za Nani?

Tangazo lilibandikwa Alhamisi asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Aliyelibandika alikuwa kijana aitwaye Trevor Lasky, wa kampuni inayokuja kuuza mali za maduka yanayokufa. Alilibandika juu ya kaunta ya spana na nyundo, mahali ambapo Lorene Kubiak alikuwa amesimama kwa miaka ishirini na saba. Lorene alivaa miwani, akalisoma mara moja, akavua miwani.

"Hili ni la nini?"

"Limeandikwa, mama. Kuanzia leo hatubadilishi tena spana na vifaa vya Tolliver vilivyovunjika."

"Kusoma najua. Nakuuliza ni la nini."

Trevor alikuwa kijana mpole, amevaa koti jepesi lisilofaa kabisa kwa Januari ya Illinois. Alijikuna shingo. "Duka linafungwa Jumapili ya wiki ijayo. Kila spana unayompa mtu bure ni spana ambayo hatukuiuza."

"Simpi bure. Ananipa iliyovunjika."

"Na iliyovunjika nimuuzie nani?"

Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza Lorene swali hilo. Mtu wa mji huu wa Beldon akivunja spana ya Tolliver alikuja nayo hapa kwenye duka la Dunmore, akaitumbukiza kwenye pipa la chuma kando ya kaunta, akachukua mpya ukutani, akaenda zake. Risiti haikuulizwa. Hakuulizwa pia ameivunjaje, ingawa wengi walijieleza, na wengi walidanganya: walikuwa wameigeuza nyundo, au wamechomeka bomba kwenye mpini ili waongeze nguvu. Lorene alijua, nao walijua kwamba anajua. Na kwa sababu ya pipa lile watu walinunua hapohapo friji, matairi, nguo za shule na suti za kuzikia. Duka linalokupokea na spana uliyoivunja kwa ujinga wako mwenyewe, utaliachaje ukanunue kochi kwingine?

"Na Tolliver yenyewe?" aliuliza.

"Jina limeshauzwa. Mwezi wa nne litakuwa kwenye lile duka kubwa la barabara kuu. Wenye maswali wapige namba hii hapa chini."

Lorene aliipiga pale pale, simu ya duka. Sauti ya mashine ilimshukuru kwa imani yake, ikamwomba asubiri, ikampigia muziki dakika kumi na tisa, kisha ikakata.

"Mama," Trevor alisema, sauti ameishusha. "Ile karatasi uliyosaini. Nakukumbusha kwa wema tu."

Karatasi ilisema kwamba mfanyakazi atakayebaki hadi siku ya mwisho, na kufuata taratibu zote za kufunga, atapata kiinua mgongo cha wiki nane na bima ya afya ya miezi miwili zaidi. Atakayekiuka, hapati. Wiki nane angeweza kuzisamehe. Lakini mumewe alikuwa na tarehe ya upasuaji wa bega, Februari kumi na mbili, na hospitali ilikuwa imeshawaambia bei ya kufanyiwa bila bima: dola thelathini na nane elfu. Nyumba yao waliinunua kwa chini ya hapo.

"Sijasahau," alisema Lorene. "Wewe lala kitanda kimoja na bega la Vernon, uone kama utalisahau."

Siku hiyohiyo aliwarudisha watu wawili, fundi bomba na mwalimu wa shule ya sekondari. Fundi bomba alicheka akidhani ni utani. Alipoona si utani alisema, "Sawa, Lorene," akaenda zake na koleo lake mkononi, na Lorene akajikuta anapanga upya bisibisi ambazo zilikuwa zimepangika.

* * *

Jioni alipika mkate wa nyama na viazi vya kuponda. Vernon alikula kwa mkono wa kushoto, kama alivyokula tangu Septemba, ule wa kulia ukiwa umefungwa kifuani. Alikuwa fundi wa malori ya wilaya ya kuondolea theluji kwa miaka arobaini, na bado aliongea kana kwamba yapo nje yanamsubiri.

"Wamekataza kubadilisha," Lorene alimwambia. "Tangu leo."

"Kubadilisha nini?"

"Babu yangu. Tolliver, Vernon, kuna kingine? Nikimbadilishia mtu hata bisibisi moja, bima inakwenda. Bega lako linakwenda."

Vernon aliacha kutafuna. Alikaa na uma hewani kwa muda mrefu kiasi kwamba kiazi kilidondoka.

"Yeyote?" aliuliza. "Hata Alma Odegaard?"

"Hata mchungaji. Alma ameingiaje?"

"Nimetaja tu."

"Bega linauma?"

"Kidogo."

Baadaye kidogo aliinuka, akaenda kwenye simu ya ukutani, akanyanyua mkono wa simu, akausikiliza ukinguruma, akaurudisha. Lorene alikuwa anaosha sahani na alimwona kwenye kioo cha dirisha. Alidhani anataka kumpigia binti yao Tess na ameona aibu ya kumlalamikia. Alimhurumia. Baada ya siku mbili aliikumbuka huruma ile, akaitamani irudi ili amnyime.

* * *

Jumamosi saa tatu, milango ilipofunguliwa, watu hawakwenda kwenye mablanketi ya nusu bei wala kwenye televisheni. Walinyoosha moja kwa moja hadi mwisho wa duka, wakajipanga mstari mbele ya kaunta ya Lorene. Walikuwa kama thelathini. Wengine walibeba ndoo, wengine makopo ya kahawa, mmoja alikuwa na vyuma vyake ndani ya soksi. Walikuwa wachangamfu, wanasalimiana, kama watu waliokuja kwenye chakula cha kanisani.

Wa kwanza alikuwa Alma Odegaard, mjane wa miaka sabini na tisa anayelima mahindi na soya peke yake kaskazini ya mji. Aliweka juu ya kaunta kitambaa cha mkononi, akakifungua taratibu. Ndani mlikuwa na mpini wa soketi, ule mkubwa wa nusu inchi, unaolia tiki-tiki ukizungushwa. Huu haukulia. Meno ya ndani yalikuwa yamekatika.

"Nimeuvunja nikitengeneza mashine ya kupandia," alisema. "Umri wake na ndoa yangu ni mmoja, na umekaa kuliko mume. Habari yako, Lorene?"

"Nzuri, Alma." Lorene alitazama mstari, kisha akamtazama tena. "Kuna nini leo?"

"Vernon alisema."

"Vernon alisema nini?"

"Kule mkahawani, Jumanne. Alisema Jumamosi hii tulete kila kilichovunjika nyumbani, hata cha miaka ya nyuma, maana duka linakufa na Lorene hatamwacha mtu wa Beldon mikono mitupu." Alma alitabasamu. "Alisimama kabisa. Alimwaga kahawa."

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Hawakusema mdomo wa mume unaponza kichwa cha mke, labda kwa sababu waliokuwa wanasema ni waume.  Kando ya mashine za kukata nyasi Trevor alikuwa amesimama na ubao wake wa karatasi, haandiki kitu, anatazama.

"Alma, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kubadilisha. Tangazo hili hapa. Tangu Alhamisi."

Alma hakulitazama tangazo. Alimtazama Lorene usoni, kisha akaanza kukunja kitambaa, pembe moja, pembe ya pili.

"Sikuja kuomba, Lorene," alisema. "Nilikuja kubadilisha. Ningekuwa nimekuja kuomba ningevaa vizuri."

Alisogea pembeni lakini hakuondoka. Minong'ono ilirudi nyuma kwenye mstari kama maji kwenye mfereji. Aliyefuata alikuwa Dutch Wieczorek, mstaafu wa reli, na ndoo mbili.

"Hebu nielewe," Dutch alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Spana zipo?"

"Zipo."

"Ukutani pale nyuma yako?"

"Macho yako mazima, Dutch."

"Na wiki ijayo zitauzwa kwa mtu wa Chicago, lori zima, bei ya kutupa?"

"Pengine."

"Lakini mimi wa hapa sipati. Miaka ishirini na saba umesimama hapo, leo kijana wa koti la mvua anakufunga mdomo! Wamekupa nini, Lorene? Maana bure hukai kimya wewe, tunakujua."

Watu walicheka kidogo, bila furaha. Lorene angeweza kuwaambia wamempa nini. Angesema bega, angesema Februari kumi na mbili, na nusu yao wangelia naye hapohapo. Lakini aliona ni kama kuwafungulia watu droo ya nguo za ndani. Isitoshe, alichosema Dutch kilikuwa kweli. Walikuwa wamempa kitu, naye amekipokea.

"Anayefuata," alisema.

"Anayefuata apewe nini?" mwanamke mmoja alipaza sauti. "Tangazo?"

Aliwarudisha mmoja mmoja. Kila mmoja alimtaja kwa jina, kwa sababu hakutaka mtu aseme alikataliwa na kaunta. Harlan, siwezi. Bibi Tuttle, siwezi. Wengine walijibu kwa upole, na hao ndio waliouma zaidi. Mmoja alitupa kipande chake kwenye pipa kwa nguvu, pipa likalia, akaenda bila kuchukua chochote.

Hapo ndipo Vernon alipoingia. Alikuja na kofia ya kufunika masikio, bega limefungwa, na kwenye mkono mzima amebeba masanduku matatu ya maandazi matamu ya mkahawani, ameyabana kwa kidevu yasianguke. Mstari ulimfungulia njia. Alifika kaunta, akayaweka.

"Nimewaletea watu kifungua kinywa," alisema, bila kumwangalia mkewe.

"Vernon."

"Nilijaribu kuwapigia simu Alhamisi, mama. Nilianza na Alma. Halafu nikafikiri, watakuja wawili, watatu..."

"Vernon. Nitazame."

Alimtazama. Alikuwa na sukari kidevuni.

"Ulisimama mkahawani ukaahidi watu spana," alisema Lorene, si kwa sauti kubwa, lakini mstari mzima ulimsikia. "Uliahidi spana za nani?"

 Vernon alitazama ukuta wa spana mpya nyuma ya mkewe, zimeng'aa, kila moja na kikaratasi chake chekundu. Alimtazama Trevor. Alimtazama Alma na kitambaa chake.  Lorene alijuta kuuliza, maana alijua fika, kabla yake, neno linalokuja.

"Zangu," Vernon alisema. Kisha akawageukia watu. "Kesho, baada ya ibada. Karakana kwangu. Leteni mlichovunja."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walichukua maandazi kwa sababu yapo, wakatawanyika. Trevor alisubiri hadi mtu wa mwisho alipopita, akaja kaunta, akachukua andazi lililobaki.

"Karatasi haisemi lolote kuhusu karakana za watu," alisema, akaondoka akitafuna.

* * *

Kabati la vifaa la Vernon lilikuwa jekundu, la chuma, lenye droo kumi na nne na magurudumu. Vuli iliyopita mtu mmoja kutoka Peoria alitoa dola elfu mbili na mia tano alichukue pamoja na vilivyomo, Vernon akacheka mpaka akakohoa. Kila kilichokuwemo alikinunua mwenyewe Dunmore, kimoja kila Ijumaa ya mshahara, tangu ana miaka ishirini na mmoja. Ijumaa ambazo Lorene alihitaji viatu vya mtoto, alinunua bisibisi ndogo. Ijumaa nzuri, alinunua spana kubwa. Ukimwuliza Tess alizaliwa lini, alitaja mwaka kwa kufikiri kidogo, lakini alikuambia bila kufikiri kwamba wiki ile alinunua koleo la mdomo mrefu.

Jumapili saa tano aliwasha hita ya karakana, akafungua droo zote kumi na nne kwa mara moja, jambo ambalo Lorene hakuwahi kuliona. Ndani ya kila droo palitandikwa kitambaa cha kijani, na kila chuma kimelala kwa ukubwa wake, kidogo hadi kikubwa. Lorene aliweka ndoo tupu chini. Akaenda ndani kuchukua chupa ya kahawa. Aliporudi alimwona mumewe akichomoa mpini wa soketi wa nusu inchi kutoka droo ya tatu na kuutia kwenye mfuko wa koti.

"Ule ni wa nani?" aliuliza.

"Wa kazi."

"Kazi gani? Huna kazi, una bega."

"Nikipona, mama."

Lorene alimimina kahawa.  Kuna maneno ambayo ukiyasema unashinda, na nyumba nzima inashindwa.

Kati ya wale thelathini walikuja kumi na mmoja. Wengine, ilijulikana baadaye, walikaa kwenye magari yao mwisho wa barabara, wakatazama mlango wa karakana uko wazi, wakageuza. Harlan alikuja na bisibisi iliyopinda, akaingia, akaziangalia droo zile kama mtu anayemwangalia marehemu, akasema alipita kusalimia tu. Bibi Tuttle alichukua koleo, akaacha pai ya tufaha. Mwalimu alichukua spana namba kumi na tatu na akataka kulipa.

"Ukilipa tunakuwa duka," Vernon alimwambia, "na maduka umeona yanavyokwisha. Tia yako kwenye ndoo."

Dutch alifika na ndoo zake mbili, sauti imepungua. Vernon alianza kuhesabu vipande, lakini Lorene alimsogeza kwa nyonga, akachomoa spana moja kutoka ndoo ya Dutch na kuiinua kwenye mwanga.

"Hii imechorwa jina. Floyd Hatch. Floyd tulimzika lini, Dutch?"

"Niliinunua mnadani."

"Na hii? Na hii? Umenunua spana za marehemu nusu dola uje uchukue nzima za mume wangu?"

"Dukani ulikuwa unanibadilishia!"

"Dukani zilikuwa za tajiri. Chagua moja uliyoivunja kwa mkono wako. Moja."

Karakana nzima ilicheka, na safari hii Dutch naye alicheka, masikio mekundu. Alitafuta kwa muda mrefu. Mwishowe alitoa nyundo iliyopasuka, akasema hii kweli ni yangu, niliivunja nikimkosa panya. Walimpa nyundo.

Baada ya hapo watu hawakuondoka haraka. Walikunywa kahawa, wakala pai ya Bibi Tuttle kwa mikono. Mwalimu alikuwa amenunua bisibisi moja mpya ya Tolliver pale dukani wiki ile, kwa bei ya kufungia, akaipitisha ishikwe. Jina lilelile, rangi nyekundu ileile. Kila mtu aliipima kiganjani kidogo na kumpa jirani.

"Nyepesi," Bibi Tuttle alisema.

"Mimi nilifunga vyuma hivi kwenye makasha kiwandani miaka mitatu kabla sijaolewa," alisema Alma Odegaard, ambaye alikuwa ameingia bila mtu kumwona. "Jioni mikono haikuweza kushika kijiko. Tulikuwa tunalaani uzito wake." Akairudisha kwa mwalimu. "Labda nayo itakaa. Mimi sitakuwepo kuulizwa."

 Alisogea hadi kwenye kabati, akaweka kitambaa chake juu yake, akakifungua. Vernon aliutazama mpini uliovunjika. Akatazama droo ya tatu, kwenye kitambaa cha kijani, pale palipobaki umbo la kitu kirefu kisichokuwepo. Alma naye alipatazama.

"Kumbe umeshatoka," alisema. "Basi. Nitaazima kwa jirani."

Lorene alikuwa na kisu cha pai mkononi. Alijishughulisha kukipangusa. Alikipangusa upande mmoja, akakipangusa upande wa pili, na hakumtazama mumewe hata mara moja, ingawa ilimgharimu.

Vernon alitia mkono wa kushoto mfukoni. Mfuko ulikuwa upande wa kulia, na kwa bega lile ilimbidi ajipinde kama anayetafuta mwiba mgongoni. Hakuna aliyemsaidia. Aliutoa mpini, akaupangusa kwa mkono wa shati, akampa Alma.

Alma aliuzungusha mara moja, taratibu. Tiki, tiki, tiki. Karakana yote iliusikiliza hadi ulipomaliza mzunguko. Kisha akauchukua ule wake mbovu, akautia kwenye ndoo, akaukunja mpya ndani ya kitambaa, pembe moja, pembe ya pili. Alifika mlangoni, theluji ikiwa inaanza, akageuka.

"Na huu ukivunjika, Vernon, niupeleke wapi?"

 Vernon alimgeukia mkewe, kama alivyofanya kwa kila swali gumu tangu walipooana.

"Usiuvunje, Alma," alisema Lorene.

Alma alifikiri. Akatikisa kichwa kukubali, akauweka ndani ya koti, upande wa moyo, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akatembea polepole kuliendea gari lake, kama mtu aliyebeba mayai.